Njiwa wa Saa Saba

Pale kona, chini ya ghorofa yenye rangi iliyobanduka, palikuwa na benchi la mbao mbili nene, na mbele ya benchi jiko la mkaa lililowaka tangu alfajiri hadi alasiri. Mwenye jiko walimwita Mama Birika, kwa sababu birika lake lilikuwa jeusi tii na hapakuwa na mtu aliyewahi kuliona tupu. Benchi lilikuwa kazi ya mume wake, fundi seremala ambaye kijiwe kizima kilimwita Randa. Alilichonga siku tatu, akawa wa kwanza kulikalia, akachagua mwisho wa upande wa ukutani, na hapo ndipo alipobishana na wenzake miaka kumi na minne. Sasa Randa alikuwa juu ya vichwa vyao, ghorofa ya kwanza, dirisha la pili toka kwenye bomba la maji, mwezi wa tatu kitandani, na uvimbe kifuani. Nafasi yake benchini hakuna aliyeikalia tangu siku aliyopanda ngazi akashindwa kushuka kwa miguu yake. Waliiwekea vitu tu: kofia, gazeti, spana. Siku hiyo waliiwekea gurudumu la baiskeli.

Lilikuwa gurudumu kweli, na ringi yake na spoku zake, ila tairi halikuwapo. Kwenye spoku vilifungwa vifuniko vya makopo, vijiko vilivyopondwa na nyundo, na vipande vya kioo vilivyobanwa kwa waya. Katikati lilipachikwa kwenye kipande cha bomba, na hapo ilining'inia kamba ndefu.

— Hili halina mzaha, alisema aliyelitengeneza. Upepo ukipiga, vifuniko vinalia, vioo vinamulika. Upepo ukigoma, kuna kamba. Randa yuko kitandani, anavuta, gurudumu linazunguka, wale njiwa wa dirishani kwake wanasahau njia.

Huyo alikuwa fundi baiskeli, na jina lake la kijiweni lilikuwa Spoku. Mikono yake ilikuwa na grisi hata siku za mapumziko.

— Anavuta kwa nguvu gani? aliuliza Mama Birika. Kikombe chenyewe anakishika kwa mikono miwili.

— Nimelilainisha, shemeji. Nzi akitua, linazunguka.

— Napinga, alisema mzee aliyekaa katikati.

Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Miaka thelathini aliandika maneno ya wanasheria, na sasa aliyatumia mwenyewe bila kuulizwa. Walimwita Pingamizi.

— Unapinga nini tena, mzee?

— Napinga kifaa kupandishwa bila majaribio. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Sasa si ndiyo tunaliweka ukingoni? alisema Spoku. Ukingo wa dirisha. Wahenga wamelipitisha.

Aliyebaki ni kinyozi. Duka lake lilitazamana na benchi, na wateja wake walinyolewa nusu kichwa huku yeye akiwa kijiweni anamalizia hoja. Huyo ni Redio. Hakuhitaji kuelezewa kwa nini.

— Mimi nimewaambia toka mwanzo, alisema Redio. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Hiyo si methali, hiyo ni sayansi. Tupake fremu ya dirisha nyekundu. Wale wa kijivu watajiona wageni, wataondoka kwa aibu.

Mama Birika alimimina kahawa bila kuinua macho. Alikuwa amechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Aliamka kabla ya majogoo, akawasha jiko, akamgeuza mgonjwa, akamfuta, akashuka, akauza, akapanda, akapika, akashuka. Aliwaacha wanaume wabishane kwa sababu katika ubishi wao ndimo mlimokuwa na mikono ya kupanda ngazi, na yeye alihitaji mikono.

Daktari alikuwa amemwambia mambo mawili. Moja, dirisha likae wazi, kifua cha yule mzee kinataka hewa. Pili, njiwa waondoke, kwa sababu vumbi la kinyesi chao kwa mapafu kama yale ni sumu. La tatu halikuwa agizo, ilikuwa tarehe. Jumatatu Randa apandishwe mzani. Akifika kilo hamsini, atapasuliwa. Asipofika, watasubiri. Mama Birika hakuuliza watasubiri nini.

Mara ya mwisho, alipobebwa kupelekwa hospitali, mzani ulisema arobaini na nane. Mara ya kabla ya hapo, hamsini na moja.

— Anakula? daktari aliuliza.

— Anamaliza sahani, alijibu Mama Birika, kabla mume wake hajafungua mdomo.

Na ilikuwa kweli. Mwanzoni sahani ilirudi kama ilivyokwenda, lakini wiki tatu sasa ilirudi nyeupe. Wali umekwisha, viazi vimekwisha, mchuzi umekwisha. Mtu anakula hivyo na bado anapungua, basi kuna kitu kinachomla. Alipotafuta kitu hicho aliwaona njiwa, kumi na mmoja, wamejipanga dirishani, na vifua mbele kama watu waliolipa kodi ya nyumba.

Hilo gurudumu lilikuwa silaha ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa diski za filamu, zile zilizochakaa. Redio alitoa ishirini, zikafungwa nyuzi, zikaning'inizwa mbele ya dirisha zimulike. Spoku alipanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani kwa nje, akazifunga moja moja. Njiwa walikuja, wakajitazama, mmoja akapanga manyoya yake.

— Wale walifikiri ni saluni, alisema Spoku alipokumbuka.

— Ulizifunga chini mno, alisema Redio. Umewafungulia duka pembeni ya duka langu.

Ya pili ilikuwa sanamu ya mtu. Walimtengeneza kwa vijiti na nguo kuukuu, wakamvika koti la kaki la Randa, lile la karakana lenye mfuko wa penseli. Randa mwenyewe alilitoa mwilini, akalipitisha dirishani bila neno. Sanamu ikasimamishwa nje, kwenye kibao cha dirisha. Kijiwe kizima kikaacha kahawa ipoe, kikatazama juu. Saa saba ilipofika njiwa walikuja wote. Hawakusita. Wawili walitua mabegani. Mmoja akaingiza kichwa kwenye mfuko wa penseli, akakitoa, akakiingiza tena.

— Hapo ndipo nilipojua, alisema Redio, kwamba hawa si njiwa wa kawaida. Njiwa wa kawaida anaogopa mtu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Pingamizi.

— Umesema hivyo siku ile pia. Ulimaanisha nini?

— Nilimaanisha kunguni. Koti lile lichemshwe.

Mama Birika alilichemsha kweli, kwa kuwa maneno ya mzee hayatupwi yote. Akalianika, akamrudishia mwenyewe. Randa alikuwa anasikia baridi, na dirisha lile halifungwi.

Jua lilikuwa limefika utosini. Saa sita na nusu Mama Birika alikuwa amepanda na sahani kama kawaida, wali laini aliouzidishia maji, viazi vilivyopondwa, mchuzi mzito wa nyama. Aliiweka kwenye stuli, akamwinua mume wake, akamwegemeza mito miwili.

— Leo Spoku anakuletea gurudumu, alimwambia. Wale njiwa leo ndiyo mwisho.

Randa alilitazama dirisha.

— Litazunguka muda wote?

— Muda wote.

— Hata saa saba?

— Hasa saa saba. Kwa nini, kelele?

— Aa. Nimeuliza tu.

Mama Birika alidhani mume wake anaogopa usingizi wake wa mchana utavurugwa. Akamwambia atazoea. Akashuka.

Sasa, chini, Spoku alikuwa anasukuma gurudumu kwa kidole ili wasikie. Vifuniko vililia. Mbwa mmoja ng'ambo ya barabara alisimama, akafikiri, akaondoka.

— Umeona? Mbwa amekubali.

— Mbwa si mlalamikiwa katika shauri hili, alisema Pingamizi.

— Mimi swali langu ni moja, alisema Redio, akavuta kikombe karibu. Wanajuaje ni saa saba? Mnielewe. Si saa sita, si saa nane. Saa saba. Mimi nina saa ya mkononi na bado nachelewa.

— Wanasikia redio yako, alisema Spoku. Ile ya dukani. Kabla ya taarifa ya habari inapiga tii, tii, tii. Wakisikia hivyo, wao kwenye kibao.

— Jumapili sifungui duka. Jumapili wanakuja.

— Basi ni chuma, alisema Pingamizi.

Wakamgeukia.

— Nilisikia shahidi mmoja mtaalamu akieleza mahakamani, enzi zile. Ndani ya kichwa cha njiwa mna chembe ya chuma. Ndiyo dira yake. Haya. Randa ni seremala. Chumba chake kimejaa nini? Misumari. Chini ya kitanda misumari, kwenye kopo misumari, ukutani misumari. Njiwa haji kwa hiari. Anavutwa. Saa saba jua likiwa juu, misumari inapata moto, inavuta zaidi.

— Kwa hiyo tutoe misumari?

— Yote.

— Nyumba itaanguka, mzee.

— Haki itendeke, hata mbingu zikianguka.

Spoku alikuna kidevu, akajipaka grisi.

— Mimi hilo la chuma nalikubali. Tufunge sumaku kwenye gurudumu. Likizunguka, vichwa vyao vinazunguka. Tunawapeleka kona ya pili, kule kwa wauza mitumba.

— Hapana, hapana, alisema Redio. Nyote mmekosea. Angalieni mlichokalia.

Walitazama benchi.

— Hili lilikuwa nini kabla halijawa benchi? Mti. Na mti ulikuwa na nini juu? Kiota. Randa alipochukua mbao zile alivunja nyumba ya mtu. Wale waliopo leo ni wajukuu. Babu yao aliwaachia wosia. Hawakuja kukaa, wamekuja kudai.

Walilitazama tena benchi. Hata Spoku aliacha kusukuma gurudumu.

— Ikiwa ni kesi ya ardhi, alisema Pingamizi polepole, basi tumekwisha. Kesi ya ardhi haina ukomo. Naifahamu moja, mlalamikaji alikufa, mlalamikiwa akafa, hakimu akafa, faili liko hai.

— Ndiyo nawaambia. Na si hivyo tu. Wazee wanasema ndege akishazoea dirisha la mgonjwa, basi huyo mgonjwa…

Hapo Redio alinyamaza. Alikuwa ameona uso wa Mama Birika.

— Malizia, alisema Mama Birika.

Redio alikizungusha kikombe mkononi.

— Malizia, Redio. Mdomo wa kuanzia unao, wa kumalizia umeusahau dukani?

— Nisamehe, dada. Ulimi hauna mfupa.

— Wako hauna hata breki.

Alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Jumatatu ilikuwa siku nne mbele. Alikuwa amepiga hesabu zake zote: mafuta kidogo zaidi kwenye mchuzi, maziwa asubuhi, ndizi usiku. Kilo mbili. Mtoto mchanga anazaliwa na kilo tatu, yeye alikuwa anaomba mbili tu.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja alipotokea kwenye kona, na gunia begani. Hawakumfahamu. Alikuwa mtu mzima, mkavu wa mwili, kanga imefungwa kiunoni kikazi. Alilitua gunia kwa uangalifu, akaliegemeza ukutani, na unga mwembamba ukatoka mshononi. Pumba za kuku.

— Hodi jamani. Kuna kahawa?

— Karibu, alisema Mama Birika. Ipo ya mwisho mwisho.

— Ya mwisho ndiyo nzito. Nipe.

Alitafuta pa kukaa. Spoku akajisogeza, Redio akajisogeza, Pingamizi akabaki katikati kama mpaka. Nafasi pekee iliyo wazi ilikuwa ya gurudumu, na hiyo hakuna aliyemkaribisha. Mwanamke akakaa juu ya gunia lake.

— Hilo ni nini? aliuliza, akilitazama gurudumu.

Swali hilo waliliweza wote kwa pamoja. Wakamweleza habari za diski, sanamu, koti, dira, sumaku, wajukuu na wosia. Spoku akasukuma gurudumu mara mbili. Pingamizi akatoa muhtasari. Mwanamke alisikiliza bila kucheka na bila kutikisa kichwa, akinywa kwa mafundo madogo.

Walipofika kwenye wosia, juu pale pakasikika mbawa. Saa saba. Walikuja wawili, kisha wanne, kisha waliobaki, wakajipanga kwenye kibao cha dirisha la pili toka kwenye bomba. Hawakuwa wanalia wala kupigana. Walikuwa wameinamisha vichwa.

Mwanamke aliinua macho, akawatazama muda mrefu, kama mtu anayetazama vitu vya kazi yake.

— Wanakula nini pale? aliuliza.

— Pale wapi?

— Pale dirishani. Nafuga ndege mwaka wa ishirini sasa. Ndege hashiki saa bure. Anayeshika saa ni yule anayelishwa. Sasa hao wanakula nini?

Redio alikitazama kikombe chake. Spoku alitazama grisi ya mikononi mwake. Pingamizi alitafuta methali, ikaonekana anatafuta, midomo inachezacheza, lakini haikuja. Wiki tatu walikuwa wamewauliza njiwa wametoka wapi, wanaongozwa na nani, wanadai nini, wana chuma gani kichwani. Chakula hawakuwa wamekiuliza.

Mama Birika alikuwa amesimama na birika mkononi, ameliinamisha juu ya kikombe cha mzee. Lilitoa matone matatu, kisha machicha. Hakuliinua.

Viazi.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Randa hakuwahi kumaliza viazi. Alivisogeza pembeni mwa sahani, akavipanga vizuri, akasema ameshiba. Siku ya kwanza alipomuona hivyo alichukia, ya pili alicheka, baadaye akawa anapika vichache. Na wiki tatu hizi viazi vilikuwa vinakwisha, naye akafurahi, akavizidisha.

Aliliweka birika chini, pembeni ya jiko. Akavuka mlango, akapanda ngazi. Alizipanda bila haraka. Mtu anayejua anachokwenda kukikuta hana haja ya kukimbia.

Mlango haukuwa na kitasa, ulisukumwa tu. Randa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ndani ya koti la kaki, sahani imelala mapajani. Kwa mkono mmoja ameshikilia kibao cha dirisha ili asianguke. Kwa mkono wa pili alikuwa anachukua wali kidogo kidogo, anaupanga juu ya kibao. Hakuumwaga. Aliupanga kwa mstari, umenyooka toka fremu hadi fremu, na njiwa walikuwa wanaufuata kwa adabu, wengine karibu kabisa na vidole vyake. Mfuko wa penseli ulikuwa umevimba kwa viazi. Hivyo vilikuwa vya baadaye.

Alipogeuka na kumuona mkewe, hakuficha kitu. Hakuwa na nguvu ya kuficha.

— Toka lini? aliuliza Mama Birika.

— Wiki tatu. Toka uliponiambia nisipokula sitapasuliwa.

— Kwa nini hukusema?

Alijishika chini ya koo, pale mifupa inapokutana.

— Kikifika hapa kinagoma. Nilijaribu, mama. Nilijaribu sana. Maji yanapita kidogo. Uji wa asubuhi unapita kidogo. Wali unarudi. Siku ya kwanza nikautupa nje ili usiuone. Uliporudi ukaikuta sahani tupu.

— Ndiyo.

— Ukacheka. Ulikuwa hujacheka siku nyingi.

Mama Birika alikaa kwenye stuli. Miguu ilikuwa inamuuma toka asubuhi, na sasa ndipo aliposikia.

— Daktari aliniuliza kama unakula. Nikasema unamaliza sahani.

— Nilikusikia.

— Ulikuwa umekaa pembeni yangu, mwanaume mzima, ukanyamaza.

— Nilinyamaza.

Njiwa mmoja mwenye kidole pungufu alipiga hatua mbili, akala punje iliyosalia. Randa alimtazama kwa namna ambayo mkewe aliijua. Ndivyo alivyokuwa akiutazama ubao mzuri.

— Na hawa, alisema, hawa ndio wanaokuja.

Sauti zilipanda toka chini. Kila neno lilisikika, kama vile benchi liko chumbani. Spoku alikuwa anasema ngazi iegemezwe zaidi kushoto. Redio alikuwa anasema kushoto kuna waya wa umeme. Mama Birika hakuwahi kukaa chumbani saa hizi, kwa hiyo hakuwahi kujua.

— Unawasikia siku zote?

— Toka wanapofika. Redio anasema mti ulikuwa na kiota. Muongo mkubwa. Mbao zile nilizitoa kwenye mlango wa ghala lililobomolewa.

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Mama Birika alimshika mgongo mpaka kikapita. Kisha akainuka, kwa kuwa kukaa hakujawahi kumsaidia mtu. Aliwafukuza njiwa kwa kitambaa, mara moja, bila hasira. Akakilowesha kitambaa, akafuta kibao chote, na kinyesi na punje. Akamvua koti, akaumwaga mfuko wa penseli ndani ya ndoo. Akachukua wali uliosalia, akaukoroga kwa mchuzi na maji ya moto, akauponda kwa mgongo wa kijiko mpaka ukawa kama uji wa mtoto anayeanza kuachishwa ziwa.

— Haya. Kimoja. Mbele yangu.

Cha kwanza kilipita, baada ya muda ambao mtu angeweza kufunga kiatu. Cha pili kilirudi, akakipokea kwa kiganja bila kusema kitu. Cha tatu kilipita. Cha nne alikataa, naye hakumlazimisha.

— Jumatatu nitasema mimi, alimwambia. Nitasema humezi. Kuna mipira ya kulishia, kuna dawa, sijui kuna nini, watajua wao. Nilidanganya bila kujua, nitasahihisha kwa kujua.

— Na zile kilo?

— Mzani utasema unachosema.

Alimlaza, akamfunika, akaacha dirisha wazi.

Chini, ngazi ilikuwa tayari imesimama ukutani, na Spoku alikuwa amebeba gurudumu begani kama mtu anayekwenda shamba. Pingamizi ameshika miguu ya ngazi. Redio anaelekeza. Yule mwanamke alikuwa amekwishaondoka na pumba zake. Kikombe chake kilikuwa kando ya jiko, kimepinduliwa.

— Shemeji, tulipandishe?

— Wali, alisema Mama Birika.

— Nini?

— Yule mgeni aliuliza wanakula nini. Wanakula wali. Na viazi, na nyama ya mchuzi. Wiki tatu. Kila niliporudi na sahani tupu nikawaambia mzee anakula, mkasema afadhali, chakula chenyewe walikuwa wanakila wale njiwa.

Mara ya kwanza tangu benchi lile lichongwe, kijiwe hakikuwa na nadharia. Spoku aliteremsha gurudumu taratibu, lakini vifuniko vililia hata hivyo, akavishika kwa kiganja vinyamaze. Pingamizi aliachia ngazi. Redio alikuwa anatazama dirisha.

— Hawezi kumeza, alisema Mama Birika. Akaona aibu. Na anasema wale ndege ndio wanaokuja.

Hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Kwa wiki hizo tatu Spoku alikuwa ameshapanda mpaka dirishani kwake mara sita. Redio alipanda mara mbili. Walimpa mkono juu ya kibao, wakamuuliza hali, huku mguu mmoja uko kwenye ngazi. Walifunga nyuzi zao, wakashuka, wakarudi kwenye kahawa. Hata nafasi yake benchini waliiwekea vitu.

Spoku aliliegemeza gurudumu ukutani, mbali na benchi. Akatoa spana mfukoni, akaanza kulegeza nati, kwa sababu ringi ile ilikuwa nzima na kuna baiskeli ya mtu iliyokuwa inaisubiri.

Baadaye kidogo Redio alikohoa.

— Anakula saa ngapi?

— Saa saba. Vijiko vitatu, labda vinne. Vinachukua saa nzima.

— Sisi tunazo saa nyingi, alisema Pingamizi.

— Najua. Nazipimia kahawa kila siku.

— Tunaweza kuja, shemeji? Tukakaa naye tu?

Mama Birika aliinua birika, akalitikisa. Hapakuwa na kitu. Akalipindua juu ya mkaa, machicha yakaanguka, moshi ukapanda.

— Mnaweza. Mmoja mmoja. Wewe Redio uzikung'ute nywele za watu kwanza. Wewe Spoku unawe mpaka kwenye viwiko. Mzee, usimpinge akiwa na kitu kinywani.

Walikuwa wanaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watoto walioagizwa dukani.

— Na mpite mlangoni, alisema.